Tupeni Nenosiri la Msimamizi

Kompyuta ambayo mwenye kuitumia haruhusiwi kuiwekea programu si chombo cha kazi. Ni televisheni yenye vibonye. Na ndizo tunazofundishiwa hapa Kakuma, kozi baada ya kozi: laptopu mpya, stika ya mfadhili juu ya kifuniko, akaunti moja ya mwanafunzi, na nenosiri la msimamizi liko kwa afisa mmoja ambaye yuko Nairobi au yuko likizo. Kijana anasoma Python miezi mitatu. Siku anapohitaji Git, au kompaila ya C, au PostgreSQL ya kuhifadhia data, mashine inamwambia: weka nenosiri. Hapo somo limeisha. Cheti anapewa hata hivyo.

Jirani yangu, mama wa Kivu, akiona gari za wageni husema, “Banakuja, banapiga picha, banaenda.” Mimi siendi mbali hivyo. Wapo waliokaa, wakafundisha kwa moyo, na vijana waliopita kwao leo wanaandika programu kweli. Ninalolalamikia ni dogo kuliko hilo na linaweza kurekebishwa wiki hii bila mkutano wa wadau.

Tuanze na ile tabia ya kufundisha kila kitu ndani ya kivinjari. Mwanafunzi anafungua tovuti, anaandika msimbo pale pale, unaendeshwa kwenye seva iliyo ng'ambo, jibu linarudi. Mwalimu anapenda kwa sababu hakuna cha kusakinisha. Sawa, ukiwa na waya wa intaneti ukutani. Lakini kozi ikiisha na Wi-Fi ya kituo ikifungwa, kijana anarudi blok yake na nini? Hana faili hata moja. Hajui Python hukaa wapi kwenye kompyuta. Kumbe alikuwa anaazimwa kompyuta ya mtu mwingine kupitia dirisha, na dirisha limefungwa. Bando la kuendelea kila siku kwa njia ile linashindana na sukari ya nyumbani, na nyie mnaogawa chakula mnajua nani anashinda.

Mashine ya fundi wa kambini inatakiwa iweze kufanya kazi wiki nzima bila mtandao. Hilo linawezekana, na halihitaji mashine mpya. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0, kwa hiyo kuna laptopu nyingi nzima zinazoitwa takataka kwa kosa la kuzaliwa mapema. Ziwekeeni Debian yenye Xfce au LXQt. Ile Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haisakinishwi tena kwenye mashine za biti 32. Hizo wekeni Debian 12. RAM ya GB 4 inatosha kuandika msimbo kwa Geany au Vim, mradi usifungue vichupo thelathini vya kivinjari, na kifurushi cha zram-tools kinasaidia kuibana kumbukumbu inapojaa. Kama bajeti yenu ina nafasi ya kitu kimoja tu kwa kila laptopu ya zamani, nunueni SSD. Msinunue begi lenye nembo.

Mjuzi ataniambia vifurushi vya Python vinaweza kuwekwa kwenye folda ya mtumiaji kwa venv, bila ruhusa ya mtu yeyote. Kweli kabisa, na kila mwanafunzi afundishwe hivyo siku ya kwanza. Afundishwe pia “pip download”: siku yenye mtandao anajaza folda nzima ya vifurushi, anaibeba kwenye flashi, na wenzake kumi wanaweka kutoka humo bila kununua hata MB moja. Wahakikishe tu mashine zote zina mfumo mmoja na toleo moja la Python, la sivyo baadhi ya vifurushi vitakataa. Lakini venv haikuletei kompaila, haikuletei Git, haikurekebishii draiva ya Wi-Fi. Kwa hayo unarudi pale pale kwa nenosiri.

Vitabu navyo vikae ndani ya mashine. Python ina maelezo yake yote ya kupakua. Zeal huhifadhi miongozo ya lugha nyingi za programu na kuitafuta bila intaneti. Kiwix hubeba Wikipedia, na hubeba pia maswali na majibu ya Stack Overflow. Wikipedia ya Kiswahili nzima inaingia kwenye flashi ndogo na nafasi inabaki. Angalizo moja kwa wanaonakili: flashi nyingi huja na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili la GB 4 au zaidi. Ukiona unakili unakatika kila mara na nafasi ipo, shida si flashi kuwa feki. Ibadilishe iwe exFAT.

Sasa Git, maana hapa ndipo tunapodanganywa zaidi. Vijana wetu wamefundishwa kwamba Git ni tovuti. Linus Torvalds aliiandika mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, na akaijenga hivi: kila anayechukua nakala anachukua historia nzima, anafanya kazi yake peke yake, kisha wanaunganisha wakikutana. Ukiniuliza, ni kama ilitungwa na mtu aliyewahi kukaa Kakuma 3. Tengeneza hazina kwenye flashi kwa “git init --bare”, na watu wanne wa zoni tofauti wanaweza kujenga mradi mmoja bila bando. Au funga kazi yote kuwa faili moja kwa “git bundle”, uirushe kwa Bluetooth. Ila mashine za kozi hazina Git, na mwanafunzi hawezi kuiweka. Nimeshasema kwa nini.

Umeme. Wengine tunanunua kwa mwenye jenereta, wengine tuna sola, na betri nyingi za laptopu zilishakufa zamani, kwa hiyo waya ukichomoka mashine inazima papo hapo. Vim huweka faili la pembeni unapoandika, na ukiwasha tena “vim -r” hukurudishia sehemu kubwa ya kazi. Halafu kuna ile betri ndogo ya mviringo kama kitufe ndani ya mashine, mara nyingi ni CR2032, ambayo hakuna kozi inayoitaja. Ikifa, saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka mingi, na kivinjari kinakataa tovuti zote kikisema vyeti vyake vya usalama si halali. Wengi wamelaumu mtandao bure. Angalia tarehe kwanza!

Nifike kwenye jambo linalouma zaidi. Tangu 2023 GitHub inawataka wanaochangia msimbo wawe na uthibitisho wa hatua mbili. Mkufunzi mwenye haraka anawaambia darasa zima waweke namba ya simu, msimbo utakuja kwa SMS. Hakuuliza laini ni ya nani. Wengi wetu tunatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, kwa sababu hati ya mkimbizi haikupokelewa dukani. Siku mwenye jina akihama au laini ikifungwa, umefungiwa nje ya kazi zako zote. Imempata kijana wa zoni yetu, tena katika wiki ambayo mteja wake alikuwa anasubiri. Miaka miwili ya kazi anaiona kwa nje kama mpita njia, na mtu wa ng'ambo hakuajiri kwa maneno ya mdomo.

Tiba yake haigharimu shilingi. Tumieni programu ya simu inayotoa tarakimu sita kila sekunde 30. Inakokotoa kwa siri iliyohifadhiwa na saa ya simu, haihitaji laini wala mtandao. Saa ya simu iwe sahihi tu. Na ile orodha ya misimbo ya dharura inayotolewa siku ya kujisajili, iandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na manifesti ya familia. Kozi ya miezi mitatu ikishindwa kufundisha hilo kwa dakika kumi, sijui muda ule mwingine ulienda wapi.

Najua jibu la maafisa: tukiwapa nenosiri wataweka sinema, wataleta virusi, watauza. Ndugu zangu, anayetaka kuuza hauzi nenosiri, anauza mashine, na mashine hiyo hata ikiwa imefungwa ina bei sokoni. Virusi vinakuja kwa flashi hata sasa. Hoja ya kweli ni mashine zinazotumiwa na zamu tatu kwa siku, kwamba mmoja akiharibu wote wanakosa. Basi wekeni flashi moja ya kusakinisha upya kwenye droo ya kituo, na mfundishe wanafunzi wenyewe kuitumia. Akiharibu, airekebishe yeye. Kujifunza huko ni kikubwa kuliko nusu ya mtaala wenu. Fundi baiskeli wa sokoni hapati mwanagenzi kwa kumnyima spana.

Mkiandika pendekezo la mradi unaofuata, wekeni mstari mmoja kwenye bajeti: kila anayemaliza anaondoka na nenosiri, diski yenye vifurushi na miongozo, na misimbo yake ya dharura kwenye karatasi. Na wewe mwenzangu mwenye laptopu inayokushinda, usingoje mradi. Tafuta mwenye flashi ya Debian, hatukosekani. Nakili faili zako kando kwanza, kwa sababu kusakinisha upya hufuta diski, na uje na chaja yako.