Bunduki ya kuwindia kwenye mzigo: msafirishaji wa Rumonge ajue nini

UCHAMBUZI

Barabara inayofuata ufuko wa Ziwa Tanganyika kutoka Bujumbura hadi Rumonge, zaidi ya kilomita 70, imezoea mizigo inayojulikana: mawese, saruji, mihogo na dagaa, ambao hapa huitwa ndagala. Majini, boti huenda Kigoma, Uvira na Baraka. Katika biashara ya namna hii, ambapo mzigo mmoja huwa wa watu kumi na watano, mara nyingine huja mteja mwenye sanduku refu na maelezo mafupi: "Ni bunduki ya kuwindia tu."

Kwa mwenye boti au lori, neno hilo "tu" linaweza kugharimu chombo chenyewe. Ndiyo maana ni vizuri mfanyabiashara aelewe bunduki ya kuwindia ya kweli ikoje, mwenye nayo huichaguaje na huiandaaje, na husafiri kwa njia gani. Anayejua hayo hadanganywi kirahisi.

Kwa nini kaliba ya kati

Rumonge ilikuwa makao makuu ya mkoa kuanzia mwaka 2015, na tangu mageuzi ya mipaka ya mwaka 2025 ni komini ya mkoa wa Burunga. Viboko na mamba ni majirani wa siku zote katika ufuko huu. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020, 2021 na tena 2024, yaliingia kwenye makazi na mashamba, na wanyama hao wakawa karibu zaidi na watu.

Mamba aliyepewa jina la Gustave, aliyevuma duniani miaka ya 2000, alihusishwa na vifo vya watu wengi kati ya mto Rusizi na Rumonge. Waliomwona walisimulia kwamba alikuwa na makovu ya risasi mwilini. Hadithi hiyo ina somo. Risasi ya Kalashnikov ina uzito wa gramu 8 hivi na nguvu ya takriban juli 2,000. Inamjeruhi mnyama mkubwa bila kumwangusha, na kiboko aliyejeruhiwa ni hatari kuliko mzima.

Hapo ndipo bunduki za kaliba ya kati zinapoingia, yaani zile ambazo mtutu wake una kipenyo cha milimita 9 hadi 10 hivi. Mbili ndizo zinazojulikana zaidi Afrika. Ya kwanza ni 9.3x62, iliyobuniwa mwaka 1905 na fundi wa Berlin, Otto Bock, kwa bunduki za Mauser ambazo walowezi wa Kijerumani walikuwa nazo Afrika, wakati Urundi na Kigoma zote zilikuwa chini ya Ujerumani. Ya pili ni .375 H&H, iliyotolewa na kampuni ya Holland & Holland ya London mwaka 1912. Ya Mjerumani hurusha kichwa cha gramu 18.5 kwa nguvu ya juli 4,800 hivi. Ya Mwingereza hurusha gramu 19.4 kwa juli 5,700 hivi.

Kwa anayechagua, tofauti ya nguvu si jambo kubwa. La msingi ni kibali na risasi. Nchi nyingi za uwindaji Afrika zimeweka .375 kuwa kiwango cha chini kwa nyati na tembo, ingawa baadhi hukubali 9.3. Aidha, risasi za .375 hupatikana katika maduka mengi zaidi. Bunduki nzuri isiyo na risasi ni fimbo ya bei ghali.

Maandalizi yanavyoonekana

Mwindaji makini huchagua bunduki ya kukoki kwa mkono, ile ambayo kila risasi huingizwa kwa kuvuta na kusukuma mkono wa chuma. Ni imara na haikwami upesi kwa vumbi. Ina pia sababu ya kisheria. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, iliyosainiwa na Burundi, Tanzania na Kongo miongoni mwa nchi nyingine, inazitaka serikali zipige marufuku raia kumiliki bunduki zinazojipakia zenyewe, ziwe za kumimina risasi au za moja moja.

Darubini huwa ya kukuza kidogo, kati ya mara 1 na 4 au 5, kwa kuwa mnyama hatari hupigwa karibu. Hufungwa kwa vishikizo vinavyofunguka haraka, ili ikiharibika mwenyewe atumie vilengeo vya chuma vilivyo juu ya mtutu. Lazima ikae mbali na jicho kwa sentimita 8 au 9. Bunduki hizi husukuma bega kwa nguvu, na darubini iliyo karibu mno hupasua nyusi.

Kisha hupimwa shabaha. Kwa .375, wengi huirekebisha ipige sentimita 5 juu ya alama kwenye mita 100, na hivyo wasihitaji kubadili kitu hadi karibu mita 200. Risasi lazima ziwe za aina ileile atakayowindia: zenye kichwa laini kwa risasi ya kwanza kwa nyati, na zenye kichwa kigumu kwa ngozi nene. Baada ya safari ndefu, hupima upya kabla ya kuwinda, kwa sababu sanduku likirushwa mara moja tu darubini inaweza kuhama.

Kwa hiyo mzigo wa mwindaji halisi una sura yake: bunduki moja au mbili za kukoki, darubini, sanduku gumu lenye kufuli, na risasi makumi machache za kaliba hiyohiyo. Risasi mamia kadhaa si mzigo wa mwindaji. Bunduki yenye kasha la risasi 30 nayo si ya kuwindia, hata mteja aseme nini.

Njia ya halali haipiti kwenye boti ya mizigo

Burundi haina biashara ya uwindaji wa kitalii inayolingana na ya Tanzania. Ulinzi wa wanyamapori uko chini ya ofisi ya serikali ya mazingira, OBPE, na kiboko msumbufu ni kazi ya mamlaka, si ya mfanyabiashara mwenye bunduki. Soko la bunduki hizi liko ng'ambo, kwenye vitalu kama Moyowosi katika mkoa wa Kigoma, maarufu kwa nyati na nzohe.

Lakini mgeni anayekwenda huko kwa kawaida hushukia kwenye kiwanja cha ndege. Kampuni ya uwindaji iliyomwalika humwombea kibali cha muda kwa polisi wa Tanzania, ambako umiliki wa silaha unaongozwa na sheria ya mwaka 2015. Namba ya bunduki, kaliba na idadi ya risasi lazima vilingane na karatasi. Mashirika ya ndege huruhusu risasi zisizozidi kilo 5 kwa abiria, zikiwa zimefungwa vizuri. Bunduki halali husafiri na mwenyewe. Ikikabidhiwa mtu wa tatu avushe ziwa usiku, imekwisha kutoka kwenye njia yake.

Hatari kwa mwenye chombo

Wapo wanaodhani kwamba Burundi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022, kumerahisisha kila mzigo. Kwa silaha sivyo. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaziweka silaha na risasi za Sura ya 93 katika orodha ya bidhaa zenye masharti. Sheria hiyohiyo inaruhusu kutaifishwa kwa gari au chombo kidogo cha majini kilichotumika kupitisha bidhaa hizo kinyume cha masharti. Maana yake, dagaa na mawese ya watu wengine yanaweza kukwama pamoja na boti kwa sababu ya sanduku moja.

Nchini Burundi, baada ya vita vya mwaka 1993 hadi 2005 na kampeni za kukusanya silaha mikononi mwa raia, sheria ya Agosti 2009 kuhusu silaha ndogo na nyepesi ndiyo inayotumika. Upande wa magharibi kuna uzito mwingine. Marufuku ya silaha ya Umoja wa Mataifa kwa Kongo, iliyowekwa kwa azimio 1493 la Julai 2003, bado inahusu makundi yenye silaha. Masharti ya kutoa taarifa kuhusu silaha zinazopelekwa kwa serikali ya Kinshasa yaliondolewa Desemba 2022, lakini hilo halimpi mwenye boti wa Rumonge ruhusa ya kupeleka sanduku Baraka.

Lipo pia suala la nani anaumia. Mwenye bunduki hupoteza bunduki. Nahodha hupoteza boti, mashine na pengine uhuru wake, na wenye mizigo hupoteza siku za soko.

Kwa hiyo msafirishaji anayeletewa sanduku la namna hii ana maswali matatu ya kuuliza kabla ya kugusa mzigo: mwenyewe anasafiri nalo? Namba iliyo kwenye chuma ni ileile iliyo kwenye kibali? Kibali kimetolewa na nchi ya kutokea na nchi ya kuingilia pia? Jibu moja likiwa "hapana", sanduku libaki ufukweni na polisi wajulishwe. Nauli ya safari moja hailipi bei ya boti.