Hofu za Kamwokya kuhusu PHP 8: tuzijibu moja moja

Wengi wanaijua Kamwokya, mtaa wa Kampala, kwa mwanamuziki na mwanasiasa Bobi Wine, aliyekulia hapa. Lakini ukifika Mtaa wa Kanjokya, ambako kituo cha ubunifu cha Hive Colab kiliwapa waandishi wa programu meza na intaneti katika miaka ya mwanzo baada ya kuanzishwa kwake 2010, utaisikia Kamwokya nyingine: ya mafundi wanaohudumia mifumo ya karo za shule, ya SACCO na ya maduka ya dawa. Mifumo mingi ya aina hiyo imeandikwa kwa PHP, lugha ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa hadharani mwaka 1995.

Toleo la 8.0 lilitoka tarehe 26 Novemba 2020, na 8.5 likafuata Novemba 2025. Hata hivyo, bado kuna seva zinazoendesha 7.4, na wenyewe wana sababu zao. Nimezisikia mara nyingi. Nazijibu hapa, pamoja na madai ya wanaoshangilia toleo jipya.

Dai la kwanza: "Toleo la 8 limevunja kila kitu."

Halikuvunja kila kitu, na lililovunja lilipigiwa mbiu mapema. Vitendaji each() na create_function() vilitangazwa kuwa njiani kuondoka katika 7.2, Novemba 2017, vikaondolewa miaka 3 baadaye. Familia ya mysql_connect(), inayolaumiwa kuliko zote, haihusiani kabisa na toleo la 8. Ilianza kutolewa onyo katika 5.5 mwaka 2013, na ikafutwa katika 7.0, Desemba 2015. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu haya yalitanda miaka. Aliyezima maonyo kwenye seva yake ili ukurasa uonekane safi asiilaumu mvua.

Dai la pili: "Ukurasa ukifunguka bila kosa, kazi imekwisha."

Hili ndilo dai la hatari kuliko yote, na wanaolitoa ni wale wanaoshangilia toleo jipya. Badiliko zito la 8.0 halipigi kelele. Linahusu alama ya ==.

Chukua mfumo wa karo. Mzazi amemaliza kulipa, na salio lake ni namba 0. Fundi aliandika zamani: kama $salio == "", mhesabu kuwa hadaiwi; vinginevyo, mtumie ujumbe wa deni. Chini ya PHP 7 maandishi yaligeuzwa kuwa namba kwanza. Maandishi matupu yakawa 0, jibu likawa ndiyo, na mzazi akaachwa kwa amani. Chini ya PHP 8, maandishi yasiyo namba hayageuzwi tena. Namba 0 ndiyo inayogeuzwa kuwa maandishi "0", ambayo hayalingani na utupu. Jibu linakuwa hapana. Hakuna onyo, hakuna ukurasa mweupe, ila mzazi asiyedaiwa hata senti anatumiwa ujumbe wa kudaiwa.

Kanuni mpya ndiyo sahihi. Kosa lilikuwa kwa fundi aliyeegemea ukarimu wa kanuni ya zamani. Na toleo jipya halitibu kila ugonjwa: ukilinganisha "0770" na "770" kwa ==, PHP 7 na PHP 8 zote zitasema ni sawa, kwa kuwa kila upande unasomeka kama namba. Anayehifadhi namba za simu au za risiti alijue hilo. Dawa ni ===, inayolinganisha vitu kama vilivyo bila kuvigeuza.

Dai la tatu: "Toleo la 8 lina JIT, kwa hiyo mfumo utakuwa na kasi maradufu."

JIT, mbinu ya kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine programu ikiendelea, inasaidia hesabu nzito. Mfumo wa karo hauna hesabu nzito. Muda wake mwingi unapita ukisubiri hifadhidata na mtandao. Tena JIT haijiwashi yenyewe bila mipangilio. Hatua kubwa ya kasi ilikuwa kutoka 5.6 kwenda 7.0. Mteja asiahidiwe asichoweza kukiona.

Dai la nne: "Mfumo unafanya kazi, usiuguse."

Timu ya PHP iliacha kurekebisha mianya ya usalama ya 7.4 tarehe 28 Novemba 2022. Kuna watakaosema Ubuntu 20.04 iliendelea kuitilia viraka. Ni kweli, lakini huduma yake ya kawaida nayo iliisha 2025. Zaidi ya hayo, Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu aendelee kuhuisha ulinzi wake kadiri hatari mpya zinavyojitokeza. Majina ya wanafunzi na simu za wazazi ni taarifa za watu. "Usiuguse" si jibu la kumpa mwenye shule.

Dai la tano: "Vipengele vipya ni mapambo ya vijana."

Tazama match, iliyokuja na 8.0. Mfumo unapokea taslimu, benki na pesa za simu. Kesho shule inaongeza njia ya nne na fundi anasahau kuiandika. Kwa switch isiyo na default, malipo hayo yanapita kimya kimya. Kwa match, programu inasimama na kulalamika hapo hapo, na ulinganishaji wake ni mkali kama wa ===. Au tazama readonly ya 8.1: kiasi cha risiti kikishaandikwa, hakuna sehemu ya programu inayoweza kukibadilisha. Hayo ni makufuli. Alama ya |> ya 8.5, inayopitisha jibu la kitendaji kimoja kwa kingine, hiyo unaweza kuiita pambo. Isubiri zamu yake.

Basi hameni, lakini si kwa kubahatisha. Nakilini mfumo pembeni, mpitishe zana za ukaguzi kama PHPCompatibility au Rector juu yake. Zote ni za bure. Kisha chapeni orodha ya salio za muhula uliopita kwa toleo la zamani na kwa jipya, mlinganishe mstari kwa mstari. Salio zisipolingana, msiwashe.