MKUKI KWA NGURUWE

Serikali ya Uingereza yapenda kuufundisha ulimwengu adabu. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, wajumbe wa Uingereza walisimama katika Umoja wa Mataifa wakanena kwamba mipaka ya nchi haibadilishwi kwa mabavu. Maneno hayo ni ya haki, nasi twayaunga mkono bila ya kusita.

Lakini twauliza: je, haki hiyo yakomea Ulaya? Mwaka 1965 Uingereza ilivitenga visiwa vya Chagos na Mauritius, kisha ndipo ikaipa Mauritius uhuru mwaka 1968. Wenyeji wote wakaondoshwa, hata kufikia 1973 hakubaki mtu, ili Diego Garcia iwe kambi ya vita ya Marekani. Februari 2019 Mahkama ya Kimataifa ilitamka kuwa utengano huo haukuwa halali. Mei mwaka huo nchi 116 ziliitaka Uingereza iondoke katika miezi 6. Nchi 6 tu zilipinga. Miezi ikapita, Mwingereza hakuondoka. Alipotia saini mkataba wa kuirudisha Chagos, Mei 22, 2025, alijiwekea Diego Garcia kwa miaka 99. Na wenyeji hawakuwa na kiti katika mazungumzo hayo.

Ndugu wanachama, sisi ni watu wa visiwa. Twajua kwamba machoni mwa wakubwa kisiwa ni gati la manowari tu. Basi tusiipime serikali yoyote kwa hotuba zake juu ya dhulma ya mwenziwe. Tuipime kwa ardhi ya watu iliyomo mkononi mwake.

Mkuki kwa nguruwe. Kwa mwanadamu mchungu!