Mafundi, pimeni gari likiwa moto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wetu. Gari langu kuukuu la petroli huwaka vizuri asubuhi. Lakini nikitoka Bweni, nikalizima Kilindoni na kuliwasha baada ya robo saa, hukohoa na kukosakosa. Majuzi lilinifanya hivyo nikiwa na mgonjwa! Nimebadilishiwa plagi mara tatu, na spea zetu Mafia huvushwa kwa boti kutoka Nyamisati. Kumbe walilipima likiwa limepoa.

Likikosa, tazameni cheche hapo hapo. Zikiwa hafifu, shukuni koili au kondensa. Zikiwa kali, huenda petroli imechemka katika kabureta. Kanyageni mafuta hadi chini, msiachie, huku mkipiga stata. Langu lilikuwa kondensa tu.

Dereva,
Kilindoni, Mafia.