Kitufe kimoja, dozi mara kumi

TUKITAJA kikokotoo siku hizi, wengi hufikiria mafao ya wastaafu. Leo tunazungumzia kile kidude chenyewe chenye vitufe, kinachokaa kwenye dirisha la dawa, na ndugu yake aliyemo ndani ya simu ya muuguzi.

Mzazi anafika na mtoto mwenye homa. Kadi inaonyesha kilo 8.5. Dozi ya paracetamol kwa mtoto haizidi miligramu 15 kwa kila kilo kwa mara moja, hivyo mhudumu anazidisha 8.5 kwa 15 na kupata miligramu 127.5. Dawa ya maji iliyozoeleka ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Basi mtoto apewe mililita 5 na kidogo. Sasa tuseme kitufe cha nukta kimechakaa, kimebonyezwa lakini hakikuitika. Kioo kinasoma 85, na jibu linakuwa mililita 53, karibu chupa nzima ya mililita 60. Kiasi hicho kinaweza kuharibu ini.

Chupa nzima angalau itamshtua mtu. Linalotutia hofu zaidi ni kosa linalofanana na ukweli. Chukua simu yako, fungua mahali pa kupiga namba: 1, 2, 3 ziko juu. Fungua kikokotoo katika simu hiyohiyo: juu kuna 7, 8, 9. Mstari wa katikati haubadiliki, kwa hiyo mkono uliozoea kutuma pesa kwa simu hupata majibu sahihi mara kadhaa, halafu unateleza. Mtoto wa kilo 9 anageuka wa kilo 3. Kilo 3 ni uzito halali wa mtoto mchanga, hivyo namba yenyewe haimshtui aliye na foleni ndefu mbele yake. Mtoto anaondoka na theluthi ya dawa, na homa inarudi usiku.

Mkanganyiko huu ni wa zamani. Mashine za kujumlisha za Marekani ziliweka 7, 8, 9 juu tangu miaka ya 1910. Maabara ya Bell ilipopima mipangilio mbalimbali ya vitufe vya simu na kutoa matokeo yake mwaka 1960, tofauti za kasi zilikuwa ndogo, na 1, 2, 3 zikawekwa juu. Tangu hapo kila upande umeshikilia wake.

Wala si vitufe peke yake. Bonyeza 2 + 3 × 4 kwenye kikokotoo cha kawaida cha dukani, utapata 20. Cha wanafunzi wa sayansi kitakupa 14. Vyote viwili havikuonyi.

Edmonton, Kanada, mwaka 2006, mgonjwa wa saratani alipaswa kupewa dawa ya fluorouracil kwa pampu kwa siku nne, mililita 1.2 kwa saa. Hesabu ilikosa hatua moja ya mwisho, kugawa kwa 24. Kikokotoo kikatoa 28.8, na namba hiyohiyo ilikuwa imeandikwa kwenye lebo ya dawa, kama kiasi cha siku nzima. Muuguzi wa pili aliyehakiki hakukipata kikokotoo, akapiga hesabu kwa kichwa na kwenye karatasi, naye akafika palepale. Dawa ya siku nne iliisha kwa saa nne. Mgonjwa alifariki wiki chache baadaye.

Kwa maoni yetu, kumlaumu muuguzi ni rahisi mno. Kituo kinachonunua mizani ya watoto kinaweza pia kununua kikokotoo cha mezani chenye vitufe vikubwa na kioo kinachosomeka, na kukitupa nukta inapoanza kugoma. Bei yake ni ndogo kuliko ya vingi vilivyomo katika chumba hicho.

Nawe mzazi, jua uzito wa mwanao wa leo, si wa kliniki iliyopita, na utaje kwa sauti dirishani: "Kilo nane na nusu." Ukipewa dozi, uliza, "Naomba tuirudie hesabu pamoja." Mhudumu mzuri hatakasirika. Na ukiambiwa mililita nyingi kuliko alizopewa kaka yake mkubwa kwa dawa ileile, usiondoke hapo.