Kabla hatujanunua maiki, tuulizane vipindi vya zamani viko wapi

Nimepotea kidogo hapa, mtanisamehe. Wiki mbili za majaribio zilinikaba, na hali ya bando mnaijua wenyewe. Leo nimekuja na jambo moja tu, na najua kuna watu litawakera, hasa wenzangu wa kamati ya podikasti yetu ya hosteli. Potelea mbali, bora niliseme kabla ya kikao cha Jumamosi.

Mchango wa muhula huu umefika shilingi 312,000. Elfu moja moja, elfu mbili mbili, hadi kuna mdau aliyetuma mia tano akaandika "nyingine bumu likitoka". Nawashukuru, kweli kabisa. Sasa kamati nzima inataka tununue maiki mpya, ile inayowaka taa nyekundu. Mimi nasema hela hiyo, kabla haijagusa maiki yoyote, itoe kwanza diski ya kuhifadhia vipindi vyote na ada ya mwaka mzima ya kule mafaili yetu yanakokaa. Niliposema hivyo kikaoni rumeti wangu alicheka mpaka akamwaga chai. "Wewe unataka tununue kabati la nguo zilizochakaa," akasema. Watu wakapiga makofi. Sawa bwana.

Podikasti hii tumeirithi. Ilianza 2015, wengi wetu tukiwa shule ya msingi bado, na tangu hapo wa mwaka wa tatu anamkabidhi wa mwaka wa pili kama magodoro na ndoo zinavyorithishwa hapa hosteli. Haijawahi kuwa na tangazo hata moja. Imeishi kwa vijisenti vya wasikilizaji miaka yote hiyo, na mi naona hilo si jambo dogo. Mwezi uliopita nilikaa na madaftari ya kamati zilizopita nikahesabu: vipindi vilivyorekodiwa ni 212. Vinavyosikika leo ni 139. Vile 73 vingine ndo vimekwenda.

Vimekwenda hivi. Akaunti ya kuhifadhia mafaili ilikuwa inalipiwa kwa kadi ya benki ya kaka mmoja. Kaka akahitimu, akaenda zake kutafuta maisha, kadi ikaisha muda. Kampuni ikatuma barua pepe za onyo kwenye anwani ambayo paswedi yake hakuna aliyekuwa nayo. Miezi ikapita, mwanzoni mwa 2019 wakafuta. Wala siwalaumu sana, mwenye nyumba asipopata kodi yake vyombo hutolewa nje. Kamati ya wakati ule ikafungua akaunti mpya mahali pengine, ikarudisha vichache vilivyokuwa kwenye kompyuta ya mtu, ikaendelea na kipindi kinachofuata. Kwenye daftari wameandika mstari mmoja tu: "tumehama".

Kati ya hivyo 73 kimo kipindi cha bibi wa mihogo. Waliokuwepo wanamkumbuka, yule aliyekaa getini na karai lake na daftari la madeni, aliyelisha watu bumu likichelewa. Walimhoji 2017. Alifariki mwaka juzi. Miezi mitatu iliyopita binti yake alikuja hapa hosteli, mimi ndo niliyempokea. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia, "Mwanangu, nasikia mama aliongea kwenye redio yenu ya simu. Naomba nimsikie." Nikamwambia anipe wiki moja. Nilikuwa bado sijui habari ya hivyo 73, nilidhani ni kutafuta tu.

Nilitafuta, jamani. Niliuliza kila mtu ninayemjua na nisiyemjua. Kilichopatikana ni kipande cha dakika 4 ambacho mtu alikituma kwenye kundi la WhatsApp la waliomaliza. Kinaanzia katikati ya sentensi. Bibi anasimulia jinsi mwalimu mmoja alivyokuwa akija kukopa mihogo usiku ili wanafunzi wasimwone, anacheka, anasema "sasa huyo mwalimu mwenyewe..." na kinakatika hapo. Mama wa watu alisikiliza mara tatu, amesimama pale kwenye ngazi, simu yangu sikioni kwake. Kisha akauliza, "Na iliyobaki?"

Nikaanza kusoma kuhusu mambo haya, pengine kwa kujifariji, nikakuta kumbe hata wakubwa yamewakuta. Adam Curry mnamjua? Yule Mmarekani aliyewahi kutangaza MTV, ambaye pamoja na Dave Winer walihangaika na namna ya kupachika faili la sauti kwenye mlisho wa RSS mpaka podikasti ikawezekana. Agosti 2004 alianza kipindi chake kiitwacho Daily Source Code, na watu wakampachika jina la baba wa podikasti. Basi baba huyo huyo, miaka baadaye, ilimbidi awaombe wasikilizaji hadharani kama kuna mwenye nakala za vipindi vyake vya mwanzo, maana yeye mwenyewe hakuwa navyo vyote. Pale Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison watafiti wamejenga hifadhi nzima iitwayo PodcastRE, kwa sababu waliona sauti hizi zinapotea kabla hata hazijazeeka.

Curry huyo ndiye niliyejifunza kwake habari ya hela pia. Tangu Oktoba 2007 yeye na John C. Dvorak wanaendesha No Agenda, kila Alhamisi na Jumapili, bila tangazo, kwa michango ya wasikilizaji tu. Kufikia mwisho wa 2024 walikuwa wamevuka vipindi 1,600. Nusu ya siasa zao sikubaliani nazo, na vipindi vyao ni virefu kama safari ya Mwanza kwa basi, lakini utaratibu wao umetulia. Anayechanga anaitwa prodyuza, majina yanasomwa hewani, na ambaye michango yake imefika dola 1,000 anatawazwa, anaitwa Sir au Dame. Asiye na hela anatoa kazi: picha za jalada na vionjo vya sauti vinatengenezwa na wasikilizaji wenyewe. Wamewafanya watu wajione wenye mali.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu. Hela ya msikilizaji kila mara tunaiomba kwa ajili ya kipindi kijacho. "Tuchangieni tuendelee." Sijawahi kusikia mtu akiomba mchango wa kipindi cha juzi kisioze. Lakini yule aliyetuma elfu yake mwaka 2017 hakulipia maiki yetu ya leo, alilipia bibi wa mihogo. Akija kesho akasema nataka nilichochangia, tutamjibu nini? Kampuni yenye matangazo inaweza kusema vipindi ni vyake, ifanye itakavyo. Sisi tunaokula jasho la wenzetu hatuna mdomo huo. Mi naliona ni deni, na kamati inayolikwepa kwa kununua kitu kinachong'aa inafanya kama mtu anayenunua televisheni wakati ada ya mtoto haijalipwa.

Mfano mzuri wa upande huu ni Security Now ya Steve Gibson na Leo Laporte. Wameanza Agosti 2005, wakifundisha usalama wa kompyuta. Gibson aliwahi kutangaza kwamba ataishia kipindi cha 999, halafu akaghairi, na Novemba 2024 wakarusha cha 1,000. Ninachompendea mzee yule ni hiki: vipindi vyote tangu cha kwanza vipo kwenye tovuti yake, vimeandikwa neno kwa neno kwa gharama ya mfuko wake, na pamoja na sauti ya kawaida ya kilobiti 64 kwa sekunde kuna ndogo ya kilobiti 16 kwa mwenye intaneti ya kuungaunga. Saa nzima ni MB 7 na kitu. Mtu anayekaa California aliwakumbuka watu wa bando la kupima kwa kijiko! Na Agosti 2024 mtandao unaokirusha ulifunga studio yake kupunguza gharama, wakati huo ukiegemea pia klabu ya wanachama wanaolipa kila mwezi tangu 2021. Watangazaji wakahamia majumbani na kipindi kikaendelea. Studio imekufa, na ukitaka kipindi cha 2006 usiku huu unakipata. Kamati yangu naomba msome hapo mara mbili.

Sasa ukubwa wa mzigo wenyewe. Kipindi chetu ni dakika 40 hivi. Kwa kilobiti 64 ni kama MB 19. Mara 139 ni GB 2.7. Yaani miaka yote ya podikasti hii, mabishano yote, kicheko chote, haijazi hata flashi ya GB 4 inayoning'inia kwenye funguo za mtu. Tulipoteza 73 kwa kukosa nafasi ndogo kuliko filamu moja mnazorushiana usiku.

Flashi peke yake haitoshi lakini, usije ukanielewa vibaya. Flashi hufa bila kuaga. Watu wa kazi hiyo wana kanuni yao: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2 tofauti, na 1 ikae mbali na nyingine. Kwetu sisi ingekuwa diski moja kwenye kabati la kamati, nyingine nyumbani kwa mtu nje ya mkoa huu, na ya tatu tuipakie Internet Archive ambako hatulipi. Nao wasiwe tegemeo pekee. Wapo tangu 1996 lakini Oktoba 2024 walishambuliwa na wadukuzi wakawa nje ya hewa kwa siku kadhaa. Na majina ya mafaili, jamani. Nimekuta faili linaitwa "final_final_mpya2". Nani yupo humo, siku gani, anaongea nini, Mungu ndiye ajuaye. Kazi hiyo haihitaji hela, inahitaji watu kumi wa mwaka wa kwanza, juisi na mchana mmoja.

Wanaosema "si tutupe YouTube tu, ni bure", nakumbusha kwamba vipindi vyetu vya mwanzo vinafunguliwa kwa nyimbo za bongo fleva ambazo hakuna aliyeombwa ruhusa. Malalamiko matatu tu na chaneli nzima imefungwa. Tupandishe huko watu wasikie, lakini tusiite hifadhi.

Kuna hoja moja ya rumeti wangu ambayo ilinikalisha chini, siwafichi. Alisema vipindi vingine vinafaa kufa. Akamtaja dada mmoja ambaye akiwa mwaka wa kwanza alisimulia hewani mambo yake ya disko na ya mpenzi, sasa ni mtu mzima ana kazi na mume, na alishaandika kuomba kiondolewe. Ni kweli. Nimewaza usiku kucha. Naona kuhifadhi si kuanika. Cha yule dada kitoke hadharani leo hii, na akisema kifutwe kabisa tukifute, sauti ni yake. Bibi wa mihogo hakuomba kufutwa. Alifutwa na kadi ya benki iliyoisha muda, na hilo ndilo nisilolikubali.

Pendekezo langu la Jumamosi basi: diski mbili, ada ya mwaka, na akaunti isajiliwe kwa barua pepe ya kamati yenye paswedi iliyoandikwa kwenye daftari la makabidhiano na kushikwa na watu watatu. Kikibaki kitu tutafute maiki ya mtumba. Hii tuliyonayo inakoroma, lakini inasikika.

Kikao ni saa kumi jioni, chumba kilekile cha kujisomea cha ghorofa ya kwanza. Wachangiaji wote mna haki ya kuja, hata wa mia tano. Na ninyi mliomaliza kati ya 2015 na 2018, nawapigia magoti, fungueni simu zenu za zamani, zile za droo, mtazame kadi za memori. Chochote chenye sauti zetu nitumieni. Hasa kile cha bibi. Utakitambua, nyuma yake kuna mvua inapiga bati.

Haya, nakimbilia zege kabla jamaa hajafunga.