USINILETEE PASWADI NIIOMBEE

Leo sibembelezi mtu.

Mama mmoja wa ushirika wetu hapa Zombe alinijia akilia. Anataka kuwasilisha ritani za KRA kabla ya Juni 30, lakini paswadi ya iTax inamkataa. Akiomba mpya, inatumwa kwa barua pepe iliyosajiliwa. Ya nani? Ya kijana wa saiba aliyemfungulia akaunti, na kijana alishahamia Nairobi. "Pasta, niombee ifunguke."

Niliomba. Lakini wewe unayesoma, tusemezane ukweli: hilo si pepo. Ni wewe ulisema, "Weka yako tu, mimi sina." Binti yako akiposwa unaketi na wazee wiki tatu, eCitizen yako na SHA yako unamwachia mgeni kwa dakika tano!

Utasema pasta ameacha mambo ya roho. Soma Mathayo 25. Wale wanawali watano wapumbavu walikuwa na taa, tena walimngoja Bwana arusi kama wenzao. Mafuta ndiyo waliyatafuta usiku wa manane.

Vijana wa kwaya, mna simu kubwa. Mfungulieni mama barua pepe yake, kwa namba yake, hata kama ni kabambe. Paswadi aiandike kwenye daftari lake, si lenu. Na PIN za M-Pesa msiniletee niwatunzie. Mimi pia ni mtu.

Faini ya kuchelewa haipungui shilingi 2,000. Kesho mama anapanda matatu kwenda Kitui, dawati la KRA, na kitambulisho chake mkononi. Nauli tumetoa kwa sadaka.